Huyo Mtoto Hajakomaa, Amevundikwa

Mhubiri mmoja hapa Tezo, Kilifi, aliwasimamisha mbele ya kanisa watoto wawili waliokuwa wanakwenda kuanza bodingi Uganda. Mkubwa wao ana miaka 12. Akawawekea mikono kichwani, akatutangazia kwamba mtoto asiyelala mbali na mamake hakomai. Kanisa zima amina! Kikapu kikazungushwa kuchanga nauli. Yule mdogo alikuwa analia waziwazi, na mama mmoja nyuma yangu akamweleza jirani yake kuwa ni machozi ya furaha. Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia.

Imani hii imetapakaa kuanzia Mtondia hadi Matsangoni. Muulize mzazi kwa nini anampeleka mwanawe zaidi ya kilomita 1,100, avuke mpaka wa Malaba au Busia kwa basi la usiku, akaishi na watu wasiojua hata kwao ni wapi. Usitegemee akutajie hisabati wala sayansi. Atakwambia, "Nataka awe mtu." Sasa huyo aliye nyumbani, anayechota maji na kumshika mkono bibi yake kwenda zahanati, ni nani? Mbuzi?

Wenye imani hii wana majina yao ya kututishia. La kwanza ni la mwanasiasa wetu wa pwani, Ronald Ngala. "Si alisoma Uganda yule?" Alisoma, ndiyo. Lakini alikwenda Makerere baada ya kumaliza shule ya Alliance, kijana aliyekwisha pevuka, akasomee ualimu. La pili ni la Profesa Ali Mazrui wa Mombasa. Mazrui alizaliwa 1933 na akaenda Huddersfield, Uingereza, mwaka 1955. Fanya hesabu mwenyewe: miaka 22, umri ambao wenzake wengi walikuwa na mke na mtoto. Hawa walikomaa kwanza, ndipo wakasafiri. Sisi tumegeuza mambo, tunasafirisha kwanza halafu tunangoja ukomavu urudi na basi likizoni.

Nitajieni mtu mmoja aliyekuwa mtu kwa sababu tu alitengwa na kwao akiwa na miaka 12. Mimi nitawatajia waliotengwa wakiwa watoto. Karne ya 19, manowari za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa, na baadhi ya watoto waliookolewa wakapelekwa India, wakalelewa na wamishonari kule Nasik. Baadaye wakaletwa pwani yetu, Rabai na Freretown, makazi yaliyoanzishwa 1875. Walikuja na Kiingereza, ufundi na nyimbo za kanisani. Wamishonari wakawatumia na kuwabagua. Wenyeji nao wakawatazama kama wageni. Hata jina walilobandikwa lilikuwa la mji wa watu: Waafrika wa Bombay. Najua utaniambia wale walitekwa, na hawa wetu tunawalipia ada. Mtoto anayeamka usiku wa manane katika bweni la watu mia, hajui lugha ya jirani yake, risiti ya ada inamsaidia nini?

Nina mpwa wangu, binti wa dada yangu. Alipelekwa Uganda akiwa na miaka 12 hiyohiyo. Aliporudi likizo ya kwanza alipiga magoti kutuamkia, kama wafanyavyo wasichana wa Kiganda. Ukumbi ukalipuka. "Heshima hiyo! Ameiva!" Mashangazi wakapiga vigelegele. Jioni tulipoandaliwa wali na samaki wa nazi, mimi nikawa namtazama. Alikula haraka, mkono wa kushoto umeizungushia sahani asije mtu akamchotea. Shingoni alikuwa na uzi wenye ufunguo. Mdogo wake alipoomba kipande cha sabuni aoge, mpwa wangu alikwenda kwenye kasha lake la bati, akafungua kufuli, akakata kipande kidogo, akafunga tena, akavuta kufuli mara mbili kuhakikisha. Nyumbani kwao! Saa kumi alfajiri alikuwa ameketi kitandani, amevaa, anangoja kengele.

Dada yangu anauita huo ukomavu. Mimi nimekulia mashamba ya Kilifi na najua embe lililovundikwa likoje: nje limepiga manjano unaweza kulipigia picha, ukiuma ndani meno yanakufa ganzi.

Na likizo zenyewe ni mchezo. Muhula wa Uganda unaanza Februari. Kwa hiyo Januari nzima, wenzake wa hapa wamerudi darasani, yeye yuko barazani peke yake anahesabu magari ya Malindi. Akifunga shule mara tatu kwa mwaka ni safari sita za basi. Hizo nauli zingetosha kumlipa mwalimu wa ziada hapahapa, na chai ya mwalimu juu.

Tena tusijidanganye kuwa bweni ni mahali salama. Shule ya Bombolulu, hapahapa pwani, mwaka 1998 wasichana 26 waliungua bwenini. Kyanguli, 2001, wavulana 67. Budo, karibu na Kampala, 2008, watoto karibu 20, na ile ilikuwa shule ya msingi. Novemba 2022 Katibu wa Wizara ya Elimu, Belio Kipsang, alitangaza kwamba bweni lifutwe kuanzia gredi ya kwanza hadi ya tisa. Wazazi na wenye shule wakapiga kelele, tangazo likayeyuka, na Septemba 2024 tukazika wavulana 21 wa Hillside Endarasha kule Nyeri. Siku tatu za maombolezo, bendera nusu mlingoti, kisha tukarudi dukani kununua makasha. Kama hapa kwetu, ambako kuna waziri wa kumzomea, mambo ni hayo, mtoto wako akiwa ng'ambo ya Malaba utamzomea nani?

Kuna bwana mmoja aliyenijibu kwa kujiamini sana: "Mbona Wazungu huwapeleka watoto wao bodingi wakiwa na miaka saba, na wametutawala?" Hoja nzuri kweli. Uingereza ilikuwa na makoloni ya kuendesha, ikahitaji watu wanaoweza kukaa mbali miaka mitano bila kumkumbuka mama. Tezo ina koloni gani? Jirani zetu wa Ngerenya?

Mwingine, yeye alisoma bweni tangu darasa la tatu, alijigamba, "Nitazame mimi, nimeharibika wapi?" Nilimtazama. Ni mtu ambaye akitaka kuzungumza na babake mzazi hutuma mjumbe.

Wengine hawajigambi, wanaogopa tu. Wanasema afadhali Uganda kuliko disko matanga (muziki wa usiku kucha kwenye matanga), pombe ya mangwe na vijana wa bodaboda. Hofu hiyo naielewa. Mashamba yametuishia, kiwanda cha korosho cha Kilifi kilifungwa miaka ya tisini na kufufuliwa kwake tunakusikia kwenye hotuba, na wanasiasa wetu kazi yao ni kupiga picha na hundi ya basari kubwa kuliko mlango. (Hundi hiyo ukiigawa kwa idadi ya watoto waliosimama nyuma yake, kila mmoja anapata viatu, tena vya plastiki.) Mzazi aliyebanwa namna hiyo atashika chochote kinachofanana na mlango wa kutokea.

Lakini disko matanga halifungwi kwa kumhamisha mtoto. Desemba linamsubiri. Atarudi likizo, na usiku wa disko hatajua yupi ni binamu na yupi ni wa kumkwepa, kwa sababu hakukua akiwaona. Muziki huo haukodishwi na watoto. Unakodishwa na kamati ya mazishi, watu wazima wenye mvi, eti kuchangisha pesa za jeneza. Matanga ya juzi jenereta ilinguruma mpaka alfajiri, wasichana wa gredi ya nane wakiwa uwanjani, na aliyekuwa ameshika daftari la michango mlangoni, shilingi hamsini kila anayeingia, ni mzee wa kanisa lilelile.