Ua la Uani na Mgonjwa wa Hanga

Mtu wa Hanga, mkoani Ruvuma, aonapo uvimbe usiouma, huenda akaanza kwa mganga wa jadi, na hapana ajabu. Mganga yu jirani. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900. Wanaomcheka mgonjwa huyo hawajapiga hesabu ya nauli.

Wala hakosei kuamini kwamba mimea ina dawa. Ua la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska, Catharanthus roseus, lipandwalo kama pambo nyumbani, lilinyweshwa wagonjwa wa kisukari katika nchi kadhaa. Miaka ya 1950 Robert Noble na Charles Beer, nchini Kanada, walilijaribu kwa panya. Sukari haikushuka, zilizoshuka ni chembechembe nyeupe za damu. Kutokana na mmea huo zikapatikana vinblastini, na vinkristini itibuyo saratani ya damu ya watoto.

Lakini mamia ya kilo za majani makavu hutoa gramu chache tu, na dawa hudungwa mshipani kwa miligramu. Vinkristini ikizidi huua. Nani awezaye kuipima katika sufuria?

Chakula nacho kina nafasi yake, ila kabla ya ugonjwa: mahindi na karanga zenye ukungu huweza kubeba sumukuvu, isababishayo saratani ya ini. Kuzikausha vema ni kinga, si tiba ya uvimbe uliokwisha kuota.

Mganga wa jadi asifukuzwe. Sheria ya mwaka 2002 imemtambua. Afunzwe kuushuku uvimbe ungali mdogo na kumpeleka mgonjwa hospitalini, naye mgonjwa asaidiwe nauli.