Bidhaa moja, miaka 40: tujifunze kwa Land Cruiser mkonga

Wadau, leo tubishane kidogo. Kila siku tunaambiwa muuzaji wa mtandaoni lazima alete mzigo mpya kila wiki, la sivyo wateja wanahama. Mimi nasema hapana. Itazameni Land Cruiser mkonga.

Toyota walianza kuitoa familia hii ya 70 mwaka 1984. Mpaka leo inatoka kiwandani, na ukiiona kwa mbali umbo ni lile lile. Kwao Japani waliacha kuiuza mwaka 2004, lakini sisi wa barabara za vumbi na tope hatukuiacha, ikaendelea kutengenezwa kwa ajili ya nje. Japani ikarudi kwa muda 2014, halafu 2023 ikarudi tena. Yaani wateja wa mbali ndio walioibakiza hai.

Mimi nauza spea zake hapa Tunduma kwa WhatsApp. Wateja wapo Mbozi, Ileje, Momba, na wengine ng'ambo pale Nakonde. Injini yake ya 1HZ ipo tangu 1990. Filta yake isipotoka mwezi huu, itatoka mwezi ujao. Mtaji unaweza kusinzia, ila haufi.

Sasa chukua aliyeweka laki tano kwenye makava ya simu ya toleo moja. Toleo jipya likitoka, kwisha habari. Ada inadaiwa, kodi ya fremu inadaiwa, na makava yapo kwenye boksi.

Sisemi usibadilike. Hata mkonga umebadilika: 1999 ukapata springi za koili mbele, na 2023 likaja toleo la injini ya lita 2.8 yenye turbo na gia za otomatiki. Ndiyo maana mimi siuzi spea kabla sijaomba namba ya chasisi. Lakini kile kinachomfanya mteja aitambue gari hawajakigusa.

Kwa hiyo ushauri wangu:

1. Tafuta bidhaa moja ambayo watu wataihitaji mwaka huu na mwakani. Sare za shule, mashuka, sufuria, spea. Haina mbwembwe, lakini inalisha.

2. Mtaji mkubwa uweke hapo. Mitindo ya kupita iwekee ile hela ambayo hata ikipotea, nyumbani mtakula.

3. Bidhaa ikae, huduma ndiyo iboreshwe: picha halisi, bei iandikwe (hizi habari za "njoo inbox" zinachosha), na mzigo upande basi siku uliyoahidi.

Najua wauza nguo mtasema kwenu mitindo ndiyo biashara. Sawa, lakini hata kwenu kuna shati jeupe la kazini linaloulizwa mwaka mzima. Je, stoo unalo?

Mkonga wako wewe ni bidhaa gani? Andika hapo chini, tujifunze.