Mfuko wa nje si adhabu

Makala nzuri, ndugu mwandishi, ila hapo uliposema kibofu kipya kinachotengenezwa kwa utumbo ndiyo "njia ya kisasa" na mfuko wa nje ni wa waliokosa bahati, sikubaliani nawe. Baba yangu mdogo alitolewa kibofu kwa saratani, akawekewa tundu la tumboni na mfuko wa kukusanyia mkojo. Njia hiyo aliieneza Dkt. Bricker wa Marekani mwaka 1950 na bado inatumika sana, kwa sababu upasuaji ni mfupi na unachukua kipande kidogo cha utumbo mwembamba, kama sentimita 15 hivi. Kibofu kipya kinakula sentimita 40 hadi 60, kinataka figo zenye afya na njia ya mkojo isiyo na saratani. Tena hakitoi taarifa kikijaa: mtu anaamka usiku kwa kengele ya simu, la sivyo analowesha kitanda, na wengine hulazimika kujitoa mkojo kwa mpira. Kwa mzee hiyo si raha.

Na wewe uliyeandika hapo juu kwamba mwenye mfuko haswali, muulize shehe wako. Mwenye udhuru anatawadha kwa kila swala, basi. Baba mdogo yumo safu ya mbele. Shida yake ni bei ya mifuko, na ngozi kuchubuka gundi isiposhika. Andika kuhusu hilo, ndugu mwandishi, maana huku Kanda ya Ziwa kichocho bado kinatuletea saratani hii, na wapo wanaoruhusiwa kwenda nyumbani hawajafundishwa hata kubadilisha mfuko.