SEHEMU YA 7: ALIYEKUFUNGIA GESI ALISOMEA WAPI?

 

Leo presha na sukari tuziache kidogo, tuongee gesi. Kuna siku tulipokea wagonjwa wawili kwa mpigo: mama mwenye nyumba, na kijana wa bodaboda aliyemletea mtungi. Mama kaungua mikono na uso, kijana kifua. Kijana alifunga mtungi, akasikia harufu, akawasha kiberiti aone panapovuja.

Najua mtasema uzembe. Mimi nakataa. Wakati namsafisha vidonda nilimuuliza nani alimfundisha kufunga gesi. Akanijibu, "Dada, mimi nilipewa pikipiki tu."

Jamani! Mimi kabla ya kuruhusiwa kumchoma mtu sindano nikiwa peke yangu, nilisoma miaka mitatu, darasani na wodini, nikafanya mtihani, nikapewa leseni. Huyu tunamkabidhi kitu kinachoweza kuunguza nyumba nzima, na hajafundishwa hata saa moja.

Uingereza haiendi hivyo. Kule fundi wa gesi za majumbani lazima awe kwenye rejista iitwayo Gas Safe, iliyoanza 2009. Anasoma, anafanya kazi chini ya mzoefu, anapimwa, na kila baada ya miaka 5 anapimwa tena. Anatembea na kitambulisho chenye picha, na nyuma kimeandikwa kazi anazoruhusiwa. Aliyefuzu majiko haimaanishi anaruhusiwa kugusa mitambo ya kupashia nyumba joto. Mwenye nyumba anakiomba, anakisoma, ndipo kazi inaanza.

Sisi serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Naliunga mkono, maana vifua vilivyoharibiwa na moshi wa kuni navisikiliza kila wiki. Ila mitungi ikiongezeka bila wafungaji waliofundishwa, tutahamisha wagonjwa tu kutoka wodi moja kwenda nyingine.

VETA ipo, EWURA ipo, kampuni za gesi zipo. Sisemi kijana wa bodaboda asome miaka mitatu. Tuanze hata na wiki moja: kukagua mpira na regulata, kupima uvujaji kwa povu la sabuni, kujua kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini. Kisha mtihani, kisha kitambulisho. Nani alipe? Anayeuza gesi. Bei ya wiki ya mafunzo haifikii bei ya mwezi wodini.

Mpaka siku hiyo ifike, muulize anayekufungia: umefundishwa na nani? Akitoa kiberiti, mzuie. Ukisikia harufu, usiguse swichi. Funga mtungi, fungua madirisha, toka nje na watoto. Ukiungua, maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, halafu hospitali. Dawa ya meno iache bafuni.

Yule mama alitoka. Kijana tulikuwa naye bado wiki kadhaa baadaye. Mtumie ujumbe huu yeyote mwenye mtungi ndani, na yeyote anayeubeba.