Mali Bila Daftari

Yako maneno ambayo vijana wengi huyasema kwa wepesi mno: kwamba mtu anayeumaliza umri wake akisoma mashairi ya watu waliokufa zamani hana faida kwa jamaa yake wala kwa nchi yake. Tabibu huponya, fundi hujenga, wakili hutetea. Msomi wa maneno ya kale hufanya nini? Mimi huwafundisha wanaojiandaa kuwa walimu, hapa Kisauni, na swali hili nimelisikia hata vinywani mwao. Nakuambia, msomaji, hukumu hiyo ni ya haraka, na ukiikubali hasara ni yako.

Mtazame kwanza Aristarchus. Mtu huyu aliishi Alexandria, nchini Misri, katika karne ya 2 kabla ya Kristo, akawa mkuu wa maktaba iliyosifika kuliko zote za zama zile. Tenzi za Homer, mshairi mkuu wa Wagiriki wa kale, zilikuwa zimepita mikono mingi, na nakala hazikupatana. Aristarchus alizilinganisha mstari kwa mstari. Alipoushuku mstari, hakuufuta. Aliutia alama pembeni, ili atakayekuja nyuma yake ahukumu mwenyewe. Huo ndio uaminifu wa msomi: ana uwezo wa kufuta, naye hafuti. Mwaka 145 kabla ya Kristo mfalme aliwaandama wasomi, naye Aristarchus akakimbilia kisiwa cha Kupro. Alifia ugenini, lakini kazi yake haikufa.

Huenda ukasema kwamba vitabu vya Wagiriki vilidumu kwa sababu vilikuwa bora. Sikubali. Sophocles alitunga michezo ya kuigiza zaidi ya 100. Iliyotufikia kamili ni 7 tu. Mashairi ya Sappho yalijaza vitabu kadhaa katika maktaba ile ile. Leo limesalia shairi moja tu lenye yakini ya ukamilifu, na mengine ni vipande vipande. Je, yaliyopotea yalikuwa mabaya? Hasha! Yalikosa mikono ya kuyanakili. Ubora peke yake haukihifadhi kitu. Kinachohifadhi ni mtu.

Sasa rudi nyumbani Mombasa. Muyaka bin Haji, mshairi wa mji huu katika siku za utawala wa Wamazrui, alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu, na vinywa hufungwa na mauti. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, msomi wa Mombasa, aliyatafuta kwa wazee waliokumbuka, akayaandika kwa herufi za Kiarabu. Alishirikiana na William Taylor, mmisionari wa CMS, shirika lile lililoanzisha Frere Town, hapa hapa Kisauni, kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Sikujua alifariki mwaka 1890. Diwani ya Muyaka ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940, ikihaririwa na William Hichens: miaka 100 baada ya kufa mshairi, na 50 baada ya kufa msomi wake. Jina la Muyaka unalijua. La Sikujua, je, ulilijua kabla ya leo?

Watasema: Sikujua hakutunga, aliandika ya mwenziwe. Nawajibu: mteka maji hakukichimba kisima, lakini nyumba nzima hunywa kwa mkono wake. Watasema tena: siku hizi simu hunasa kila kitu. Simu hainasi lisilosemwa mbele yake, wala haimwulizi mzee maana ya neno lililomtoka.

Basi usingoje mgeni aje kukufanyia kazi yako. Likoni wako wazee wenye nyimbo za Kidigo. Jomvu, jirani ya Changamwe, wako wenye Kiswahili cha Kijomvu. Kisauni wako wanaokumbuka waliyohadithiwa na babu zao wa Frere Town. Chukua daftari, keti mbele yao kwa adabu. Andika neno kama lilivyosemwa, na tarehe, na jina la msemaji kama ameridhia. Wazee wawili wakitofautiana, andika kauli zote mbili, wala usifute hata moja. Ukifanya hivyo utakuwa umeshika kazi ya Aristarchus na ya Sikujua. Usipofanya, usimlaumu mtu: mali bila daftari huisha bila habari.