Boti ya Uani na Dirisha la Ofisi
Mafundi wa Marekani hung'oa injini na pampu ya pikipiki ya majini iliyopasuka bodi, wakazipachika ndani ya boti ndogo ya alumini ya kuvulia samaki. Maji hufyonzwa chini na kutemwa nyuma kwa nguvu; hakuna rafadha ya kugonga mwamba. Mfumo huo uliendelezwa miaka ya 1950 na William Hamilton, mfugaji wa New Zealand aliyetaka kupanda mito yenye kina kifupi. Hunywa petroli mno, nakiri. Lakini kilichonishughulisha ni ofisi: jimbo huitambua boti iliyoundwa nyumbani na kuipa namba. Naiona sera hiyo kuwa bora kuliko ruzuku nyingi za ubunifu. Mwanafunzi wangu mmoja alipounda boti yake, alizungushwa madirisha matatu akidaiwa risiti ya kiwanda. Kiwanda kilikuwa yeye mwenyewe. Boti ingali uani kwao, imefunikwa turubai.