Divisheni peke yake haimpeleki mtoto chuoni

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wazazi wengi huuliza: "Umepata divisheni ngapi?" Chuo kikuu huuliza: "Umefaulu masomo gani?"

Chukua mtoto mwenye B ya Fizikia, B ya Biolojia na S ya Kemia. Ana divisheni ya pili, na nyumbani ni shangwe. Lakini udaktari unataka ufaulu wa masomo yote matatu, na S haihesabiwi. Hata hivyo, B zake mbili zinavuka kigezo cha chini cha TCU na kumfungulia kozi nyingine za sayansi.

Mzazi, kabla ya kulipa ada ya maombi, kaa na mwanao mfungue mwongozo wa TCU. Someni sifa za kila kozi, somo kwa somo.